Irwin Maslansky na Sakafu Isiyotikisika

Msomaji wa karatasi hii anaweka dau kofia yake mpya, ambayo bado ina karatasi ya dukani ndani, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeamini: yule mtu aliyewafanya watoto wa nusu ya dunia wajifiche chini ya viti vya sinema, mwenyewe alikuwa anaogopa hatua za miguu. Si nyoka, si giza. Hatua. Mtu akitembea kwa visigino chumba cha pili, Irwin Maslansky alishika ukingo wa meza na kunyamaza mpaka mtu huyo akae.

Msomaji ni Hesh Zuckerbrot, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane. Aliacha shule darasa la nane na mpaka leo hajaona shule ilichomzidi. Dada yake Roslyn amempa kazi hii kwa masharti mawili: awe mfupi, na asilete mzaha. La kwanza atajaribu. Roslyn ameipitia karatasi hii yote kwa penseli, isipokuwa maneno ya mwisho, ambayo Hesh ameyaandika asubuhi hii ndani ya gari. Kwenye karatasi mlizopewa mlangoni hayamo, msihangaike kuyatafuta. Kuna jambo Hesh amekaa nalo miaka thelathini na miwili bila kumwambia marehemu. Leo, Alhamisi tarehe 28 Septemba 1989, kabla udongo haujarudi shimoni, lazima litoke. Mkimwona anatoa jasho, si jua.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Machi 1916, katika nyumba ya kupanga Mtaa wa Fickett, Boyle Heights, hapa hapa Los Angeles. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mendel na Pesha Maslansky, waliotoka Bialystok. Mendel alikuwa mpiga pasi kwenye karakana ya makoti. Irwin hakutembea mpaka alipofika miezi ishirini, na hakuwa mgonjwa. Alikuwa anasimama, anaitazama sakafu, halafu anakaa tena. "Anaipima," Pesha aliwaambia majirani. "Huyu hataanguka maisha yake yote. Ila na kufika popote pia hatafika." Hilo la pili bibi alikosea.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo mtaani, akamaliza Juni 1933. Mwaka huo huo, tarehe 10 Machi, saa kumi na mbili kasoro jioni, ardhi ilitikisika kuanzia Long Beach mpaka jikoni kwa Pesha. Plasta ya dari ilidondoka yote. Mendel alipofika nyumbani alimkuta mwanawe wa miaka kumi na saba chini ya meza, amekumbatia chupa kubwa ya matango ya siki. Chupa nzima, haina hata ufa.

"Wenzako wanaokoa mama zao," Mendel akamwambia, "wewe umeokoa matango!"

"Mama ameshakimbia, baba. Matango hayana miguu."

Jibu hilo mlitunze. Mkilielewa, mmeielewa kazi yake yote.

Baada ya shule alipiga taipu kwenye ofisi ya kusambaza sinema. Vita vilipokuja, jeshi lilimweka kwenye ghala la filamu, kazi yake ikiwa kuhakikisha hakuna kinachowaka. Hakikuwaka kitu. Mwishoni mwa 1945 alirudi nyumbani akiwa sajenti mwenye vidonda vya tumbo.

Tarehe 9 Juni 1946, siku ya Jumapili, alimwoa Roslyn Zuckerbrot. Mliokuwepo mnakumbuka. Ulipofika wakati wa bwana harusi kukanyaga gilasi mpaka ivunjike, kama ilivyo desturi yetu Wayahudi, Irwin aliikanyaga kama mtu anayeua sisimizi ambaye hana ugomvi naye. Haikuvunjika. Akarudia. Haikuvunjika. Rabi akaanza kukohoa. Ndipo Hesh, akiwa nyuma, akapaza sauti, "Shemeji, hiyo ni gilasi, si yai!" Mara ya tatu ikavunjika, na bwana harusi akamnong'oneza bibi harusi, "Sikutaka kuwashtua wa mbele." Walijaliwa watoto wawili, Rochelle mwaka 1948 na Barry mwaka 1951. Na Hesh pia, ambaye alikuja na dada yake kama mzigo usioandikwa kwenye tiketi.

Sasa kazi. Oktoba 1949 mtu alimwambia Irwin kwamba kule Inglewood kuna jamaa anafuga dubu kwenye banda la gari, na dubu mwenyewe ana urefu wa kiganja. Irwin akaenda. Alimkuta Dale Overby, yule pale mstari wa mbele, mrefu, mtu wa Minnesota anayetumia maneno matatu kwa siku na mawili ni ya salamu. Dale alikuwa na mwanasesere mwenye mifupa ya chuma na ngozi ya mpira. Anamsogeza mkono upana wa unywele, anapiga picha moja. Anamsogeza tena, picha moja. Picha ishirini na nne kama hizo ndizo sekunde moja ya sinema. Siku nzima ya kazi, mnyama amepiga hatua mbili. Irwin alikaa juu ya kopo la rangi saa nne nzima. Dale alipogeuka akashtuka.

"Bado upo?"

"Nilikuwa naogopa kupumua."

"Basi rudi kesho."

Huo ndio ulikuwa mkataba wao, na ulidumu miaka ishirini na saba na sinema sita. Irwin aliongeza sharti moja tu kwa upande wake. Wakubwa wa usambazaji siku zile walipenda njia ya mkato: unamvalisha mtu gamba la mpira lenye zipu mgongoni, anapiga kelele, anavunja nyumba za maboksi, wiki moja mmemaliza. Irwin alimwambia Dale, "Maadamu mimi ndiye mtayarishaji, hakuna mtu atakayevaa gamba." Dale akasema, "Sawa." Hayo yalikuwa maneno yake ya siku hiyo.

Walipanga jengo Barabara ya Brooklyn, ukuta mmoja na bekari ya Bi Kovner. Hapo ndipo wasiwasi wa marehemu ulipata anwani. Bi Kovner alikuwa na mashine ya kukandia unga yenye ukubwa wa ng'ombe, na ikiwashwa, sakafu ya jirani inatetemeka. Mwanasesere aliye katikati ya mwendo akitikiswa, huwezi kumrudisha. Hata wewe mwenyewe hujui alikuwa wapi. Unatupa kazi ya siku zote na kuanza upya. Irwin alikwenda kumwona, kofia mkononi.

"Bi Kovner, saa za mchana tu. Kanda alfajiri, mchana uipumzishe."

"Mashine yangu inalisha watu, Bwana Maslansky. Yako inalisha nini?"

"Ndoto mbaya za watoto."

Bi Kovner alicheka mpaka unga ukamdondoka kifuani. Akakubali: siku za kawaida mashine kimya kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Lakini Ijumaa, kabla ya Sabato, na kila mkesha wa sikukuu zetu, inakanda kutwa, maana watu wanataka mkate wa mezani na hilo halina mjadala. Siku hizo Dale hakugusa kitu. Lakini mwanasesere hawezi kuachwa peke yake, mpira ukipata joto unalegea. Kwa hiyo walimtegemeza kwa vijiti na mabunda ya pamba, na Irwin akakaa naye. Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa soksi, akimtazama mnyama wa mpira kama mtu anayekesha na mgonjwa. Roslyn alikuwa anampelekea supu. "Ongea naye basi," alimtania, "maana na mimi huongei." Irwin akajibu, "Nyamaza kidogo, mama, amechoka."

Naye Hesh alipewa cheo. Mlinzi wa sakafu. Kazi yake ilikuwa kusimama nje, kuzuia malori, kufukuza watoto wenye mipira, kuwavua viatu wageni, na kutunza kalenda ya siku za mashine. Hesh hajisifu bure: hakuna mlinzi wa sakafu aliyemshinda katika California nzima. Ni kweli hapakuwa na mwingine.

Walitengeneza *Mlinzi wa Kisima cha Shaba* mwaka 1953, na *Jitu la Kisiwa cha Chumvi* mwaka 1955. Halafu ikaja *Mbawa za Karkosh*, na hapo ndipo marehemu alipoanza kutafuna vidonge vya tumbo kama karanga. Karkosh mnamjua. Mbawa za popo, pembe za kondoo dume, magoti ya ngamia. Kulikuwa na pigano lake na askari watatu juu ya daraja, na Dale alikuwa amechelewa wiki tano. Wakubwa wakatuma ujumbe: Jumatatu tarehe 30 Septemba 1957 wanakuja kutazama. Pigano likiwa halijakamilika, Dale anaondoka na mtu anavaa gamba. Halikuwa tishio la mdomo. Hesh aliliona gamba lenyewe, la kijani, na jamaa wa kulivaa ameshapimwa kiuno.

Irwin hakumwambia Dale habari za gamba. "Nikimwambia," alimweleza Hesh, "mikono itamtetemeka. Na hiyo mikono ndiyo yote tuliyonayo, shemeji."

"Na wewe je? Wewe umetetemeka wiki nzima."

"Mimi natetemeka nikiwa nimekaa. Hakuna hasara."

Jumatano tarehe 25 Septemba ilikuwa siku ya tisa ya shoti moja tu, kipande kimoja cha sinema kisichokatwa, ile Karkosh anapopanda daraja na kuinua bawa. Saa nne na robo asubuhi Dale alikuwa ameinama, kidole kwenye goti la mnyama. Irwin kwenye kigoda, na soksi zake. Sakafu ikatikisika. Si sana. Kikombe cha chai kilisema tu *ting* kwenye sahani. Goti la Karkosh likalegea, bawa likashuka, kichwa kikainama upande. Dale akainua mikono yote miwili hewani, akabaki hivyo, kama mtu aliyeelekezewa bastola. Siku tisa. Zimebaki nne kabla wakubwa hawajafika, na mbili kati ya hizo ni sikukuu.

Mlango ukafunguka, Hesh akaingia anahema.

"Tetemeko!" akasema. "Tetemeko la ardhi, shemeji! Mtaa mzima umelisikia!"

Irwin alimtazama Hesh. Alimtazama muda mrefu, kuanzia usoni mpaka kwenye mikono ya shati. Halafu akasema polepole, "Tetemeko. Ndiyo. Na mimi nimelisikia."

Dale alikuwa bado hajashusha mikono. "Imekwisha," akasema. "Siwezi kumrudisha."

Marehemu aliinuka. Alitembea kwa zile soksi mpaka mezani, akainama mpaka pua ikakaribia pembe za mnyama. Msomaji alikuwepo, anaapa: uso ule uliokuwa na wasiwasi tangu uzaliwe ukatulia, mara moja tu maishani mwake.

"Usimrudishe," akasema. "Kajikwaa."

"Nini?"

"Kajikwaa, Dale. Ni mzito, ana njaa, daraja lina mawe. Hujawahi kujikwaa wewe? Mfanye ajitazame goti. Halafu ainuke."

Dale akashusha mikono, akakisogeza kichwa cha Karkosh upana wa unywele kuelekea goti. Akapiga picha.

Jumatatu wakubwa walikaa gizani na sigara zao. Pigano lilikuwa limekamilika isipokuwa shoti moja ya mwisho, nayo hawakuiulizia. Karkosh alipojikwaa na kulitazama goti lake, mmoja wao, mtu mnene asiyejulikana kwa huruma, alisema, "Lo, maskini." Gamba la kijani likarudi stoo.

Mengine mnayajua. Sinema ilitoka Aprili 1958. Barua za watoto zilifika kwa magunia, nyingi zikiuliza swali moja: je, goti la Karkosh lilipona? Irwin alizijibu zote kwa mkono, kwamba limepona, asante, anakusalimu. Waandishi wa magazeti walipomuuliza lile wazo lilitoka wapi, alisema ardhi ya California ni msaidizi wake asiyelipwa. Mwaka 1971 profesa mmoja wa matetemeko alimwandikia kwamba siku hiyo vyombo vyake havikuandika tetemeko lolote. Marehemu akamjibu kwa mstari mmoja: "Mheshimiwa, vyombo vyako vilikuwa vimelala, mimi nilikuwa macho."

Walitengeneza nyingine tatu, ya mwisho mwaka 1976. Baada ya hapo watu wakataka vyombo vya anga na miale ya rangi. Irwin hakulalamika. Alisema amepata miaka yake bila mtu kuvaa gamba.

Ugonjwa ulianza masika ya 1986, kwenye mkono wa kulia. Kidole gumba kwanza, halafu kiganja, halafu mkono wote. Daktari akasema ni ugonjwa wa kutetemeka, dawa zipo za kuupunguza, za kuuondoa hazipo. Fikirieni magonjwa yote yaliyopo duniani, na ni huo uliomchagua yeye. Roslyn alitandika zulia nyumba nzima ili asisikie vikombe. Alikuwa anakula kwa kijiko kizito, akiukemea mkono wake, "Tulia, watu wanafanya kazi." Mwezi wa Julai mwaka huu Hesh alikuwa ameketi naye barazani, na marehemu akautazama mkono ukirukaruka juu ya blanketi, akasema, "Unaona, Hesh? Sasa mimi ndiye mashine ya Bi Kovner." Akacheka. Hesh hakucheka. Alitaka kuuliza kitu, akaishia kuulizia hali ya hewa.

Marehemu alifariki juzi, Jumanne tarehe 26 Septemba, saa moja asubuhi, nyumbani, Roslyn akiwa ameshika mkono ule ule. Roslyn anasema ulitulia kwanza mkono, halafu yeye. Tangu saa hiyo hajaachwa peke yake hata dakika, kama ilivyo desturi yetu, mtu amekaa naye zamu kwa zamu. Jana mchana Dale Overby, ambaye si wa dini yetu na ana miaka sabini na sita, alikuja kuomba zamu. Aliyekuwa zamuni akamwambia si lazima kwake. Dale akasema, "Alikaa na wanyama wangu miaka ishirini na saba." Akavua viatu mlangoni, akakaa. Huo ulikuwa usemi mrefu kuliko wote ambao Hesh amewahi kuusikia kutoka kwake. Wakati wa kutoka, akifunga kamba za viatu, akaongeza: "Hesh, unalikumbuka lile tetemeko? Bahati ile."

Hesh akamfungulia mlango. Usiku ule hakulala.

Marehemu ameacha mjane, Roslyn, binti yake Rochelle na mumewe Stanley, mwanawe Barry, wajukuu watatu, dada yake Fruma wa San Diego, rafiki yake Dale, na shemeji mmoja. Karkosh yupo kwenye sanduku la kioo nyumbani kwa Barry, mpira umeoza, ila goti ni zima.

Hapa ndipo penseli ya Roslyn ilipoishia. Dada, samahani.

Jumatatu ya wiki ile ya mwaka 1957, Dale alimuuliza Hesh kama kuna siku ya mashine. Hesh akaiangalia kalenda. Mwaka Mpya wetu ulikuwa umeandikwa Alhamisi tarehe 26. Akasema kwa kifua mbele, "Alhamisi na Ijumaa hatufanyi kazi. Jumatano piga kazi, Dale, sakafu itakuwa jiwe. Neno la Hesh." Kila mtoto aliyelelewa na mama wa Kiyahudi anajua siku huanza jua likizama, na kwamba Mwaka Mpya wa Alhamisi unaingia Jumatano magharibi. Jumatano ndiyo ilikuwa mkesha. Jumatano ndiyo ilikuwa mikate.

Saa nne na robo, Bi Kovner alipomaliza kuoka mikate ya alfajiri na mashine ikaunguruma tena, Hesh alikimbia bekari. "Zima, Bi Kovner! Zima, nakuomba!"

"Nizime leo? Jua la leo likizama watu watabariki nini, kofia yako?"

"Dale yuko katikati ya shoti!"

"Na nani amemwambia afanye kazi mkesha wa Mwaka Mpya?"

Hesh akaishika mashine kwa mikono yake miwili kama anayezuia farasi. Bi Kovner akamhurumia, akazima, akasema unga uliobaki atakanda kwa mikono, akampa mkate wa mviringo wenye zabibu ndani ya mfuko. Hesh akautupa mkate njiani, akaingia, akasema tetemeko. Mikono ya shati lake ilikuwa nyeupe unga mpaka kwenye viwiko.

Tangu mwaka uliofuata, kila mkesha wa Mwaka Mpya, asubuhi, simu ya Hesh ililia. "Hesh," marehemu alikuwa anasema, "leo siku gani?" Hesh akajibu, "Umezeeka, shemeji, huna kalenda?" Irwin akacheka, akakata. Mara thelathini na moja. Hesh aliwatangazia watu wote kwamba shemeji yake amepungukiwa na kumbukumbu.

Kesho ni mkesha. Simu haitalia.

Tutachukua koleo sasa, na mjuavyo, la kwanza tunalichota kwa mgongo wa koleo, ili ionekane hatuna haraka ya kumfunika. Tafadhali mkanyage taratibu mnaposogea. Alale, Irwin Maslansky, na chini yake pasitikisike kitu.

Halikuwa tetemeko, Dale. Hesh alikosea siku.